Programu ya maktaba ya skuli imesita baada ya kuhamia Debian 13

Mkutubi wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninasimamia maktaba ya skuli moja huku Wete, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiweka kumbukumbu za vitabu vinavyoazimwa katika programu ya wavuti iliyoandikwa kwa PHP. Programu hiyo imo katika kompyuta moja ya ofisini, na walimu huifungua kwa vivinjari vya simu zao kupitia wai-fai ya skuli. Kompyuta ilikuwa na mfumo endeshi wa Debian 12. Wiki hii tumeihamishia Debian 13, toleo lililotoka Agosti 2025, na kazi ilipomalizika niliondoa vifurushi ambavyo mfumo ulisema havihitajiki tena. Apache, yaani seva inayotoa kurasa, inawaka bila ya malalamiko yoyote, lakini badala ya ukurasa wa kuingilia, kivinjari kinaonyesha maandishi ya programu yenyewe, kuanzia alama ya <?php hadi mstari wa mwisho. Hifadhidata yetu, MariaDB, inafunguka vizuri kwenye terminali (dirisha la amri) na rekodi zote zimo. Naomba kujua tatizo liko wapi, na kwa kuwa tunatumia bando la simu, nipakue vifurushi gani hasa bila ya kusakinisha kila kitu upya.

Fundi wa Chake Chake

Wa alaykumu s-salaam Maalim. Kabla ya jambo lolote, izime Apache kwa amri ya systemctl stop apache2. Ikiwa seva inatoa maandishi ya programu kwa kila anayeomba ukurasa, basi hata faili lenye nenosiri la hifadhidata linaweza kusomwa na yeyote aliyeunganishwa na wai-fai hiyo, mwanafunzi au mgeni. Ukishamaliza ukarabati, libadilishe nenosiri hilo hata kama huna shaka na mtu.

Sasa sababu yenyewe. Apache haielewi PHP. Inakabidhi kazi hiyo kwa moduli, yaani kipande cha ziada, na moduli isipokuwepo inalichukulia faili kama maandishi ya kawaida na kulitoa lilivyo. Debian 12 ilikuja na PHP 8.2, na Debian 13 imekuja na PHP 8.4, na kila toleo lina vifurushi vyake vyenye nambari katika majina. Naamini aliyesakinisha programu yenu mwanzoni aliandika libapache2-mod-php8.2 kwa jina lake kamili. Kifurushi cha namna hiyo hakigeuki kuwa cha 8.4 wakati wa kuhama, na ulipoondoa vya zamani, moduli ya 8.2 iliondoka bila ya kuacha mrithi.

Sakinisha vifurushi visivyo na nambari: apt install libapache2-mod-php php-mysql php-mbstring php-gd php-xml. Majina haya yanafuata toleo lililomo ndani ya mfumo, kwa hiyo utakapohamia Debian ijayo yatakuja yenyewe. Usiiache php-mysql, inayoiunganisha PHP na hifadhidata, kwani bila yake ukurasa utakuwa mweupe na faili la makosa litaandika «could not find driver», na mtu atapoteza siku nzima akiituhumu MariaDB ambayo haina kosa. Kisha hakikisha moduli imewashwa kwa a2enmod php8.4, uiwashe Apache, na ufungue dirisha la pili lenye tail -f /var/log/apache2/error.log huku ukijaribu kila ukurasa. Faili hilo ndilo litakalokuambia ukweli. Kivinjari kitakuambia tu kwamba mambo hayakwenda.

Msomaji wa Mji Mkongwe

Kwa maoni yangu, skuli haina haja ya kuukimbilia mfumo mpya. Debian 12 inaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Juni 2028 kupitia mradi wa LTS (msaada wa muda mrefu), na programu ilikuwa ikifanya kazi humo. Ningemshauri Maalim arudi alikotoka hadi apatikane mtu wa kuikagua programu yote.

Fundi wa Chake Chake

Ndugu yangu, ushauri huo ungefaa sana kabla ya kuhama. Baada ya kuhama haufai, kwa sababu Debian haina njia rasmi ya kurudisha mfumo nyuma. Kurudi maana yake ni kufuta na kusakinisha upya, tena kwa bando, kisha kuirejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala. Kazi iliyobaki hapa ni ndogo kuliko hiyo.

Mkutubi wa Wete

Nashukuru sana. Nimefuata maelekezo na ukurasa wa kuingilia umefunguka, na nenosiri nimelibadilisha. Yamebaki mambo mawili. Kurasa fupi zinafanya kazi, lakini orodha kuu ya vitabu na ripoti ya walioazima zinamwaga onyo refu juu ya ukurasa, na zinapotakiwa kumpeleka mtumiaji ukurasa mwingine zinakwama. Faili la makosa linarudia «Implicitly marking parameter $mwanachama as nullable is deprecated» na mwishoni linasema «headers already sent». La pili, walimu hawawezi tena kupakia mitihani ya zamani iliyoskaniwa, ambayo mingi ina ukubwa wa megabaiti tano hadi kumi.

Mwandishi wa programu, Mkoani

Maalim, mambo yote mawili yana maelezo, na la kwanza ndilo linalohitaji subira.

PHP 8.4 imeanza kulalamikia vigezo vilivyoandikwa kwa mtindo wa Mwanachama $mwanachama = null, yaani kigezo kinachodai aina fulani ya kitu huku thamani yake ya awali ikiwa ni null, yaani hakuna kitu. Hilo ni onyo tu, kazi haisimami. Lakini php.ini ya Debian, yaani faili la mipangilio ya PHP, haionyeshi maonyo ya aina hiyo kwenye ukurasa, kwa hiyo ndani ya programu yenu lazima mna mistari ya error_reporting(E_ALL) na ini_set('display_errors', '1') iliyobaki tangu wakati wa majaribio. Onyo linatangulia mbele ya ukurasa, na agizo la kumpeleka mtumiaji kwengine halikubaliwi baada ya maandishi kuanza kutoka. Kurasa fupi zinasalimika kwa sababu PHP huzuia baiti 4096 za mwanzo kabla ya kuzitoa. Ukurasa unaoita mafaili mengi unakusanya maonyo mengi na kuuvuka mpaka huo.

Weka '0' katika display_errors leo hii ili walimu waendelee na kazi. Maonyo bado yataandikwa katika faili la makosa. Lakini usiishie hapo, kwa sababu mtindo huo utaondolewa kabisa katika toleo kubwa lijalo la PHP. Ongeza alama ya kuuliza mbele ya jina la aina, yaani ?Mwanachama $mwanachama = null, faili baada ya faili, ukiongozwa na orodha iliyomo katika faili la makosa. Alama hiyo inakubalika tangu PHP 7.1, kwa hiyo haitavunja chochote.

Kuhusu kupakia mitihani, mipangilio ya PHP huwekwa kwa kila toleo peke yake. Mabadiliko yaliyofanywa katika /etc/php/8.2/apache2/php.ini hayakuhamia katika folda ya 8.4, na huko upload_max_filesize imerudi kwenye megabaiti 2 na post_max_size kwenye megabaiti 8. Faili la zamani likiwa bado lipo, yalinganishe mawili hayo kwa amri ya diff, na usinakili la zamani juu ya jipya. Katika faili jipya weka 16M kwenye upload_max_filesize na 20M kwenye post_max_size, kisha uiwashe upya Apache. Post_max_size lazima iwe kubwa zaidi, kwani ikizidiwa fomu nzima humfikia PHP ikiwa tupu, na programu haitajua hata kwamba kulikuwa na faili.

Na kwa kuwa mnapakia mafaili makubwa, angalia kumbukumbu (RAM) ya kompyuta yenu. Katika Debian 13 folda ya mafaili ya muda, /tmp, inakaa ndani ya RAM na inaruhusiwa kufika nusu yake, na faili linalopakiwa hupitia humo. Kompyuta ikiwa na gigabaiti 2 tu, walimu kadhaa wakipakia kwa pamoja itaelemewa. Tumia systemctl mask tmp.mount kisha uiwashe kompyuta upya, na /tmp itarudi kwenye diski.