Naomba ushauri: picha ya zamani ya mpiga vina (ala ya nyuzi) wa Kihindi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimenunua mnadani hapa London picha ya chapa: mwanamume ameketi chini anapiga ala ya mti mrefu yenye vibuyu viwili. Mara ya kwanza nilidhani ni zeze letu limenenepa! Kumbe ni vina.

Nahisi ni kazi ya Solvyns, mchoraji mzaliwa wa Antwerp aliyefika Calcutta, India, 1791. Alitoa picha 36 za ala za Wahindi na wapigaji wake. Tatizo, sijui yangu ni ya toleo lipi: kazi zake zilichapwa Calcutta miaka ya 1790, kisha Paris kati ya 1808 na 1812. Hapo katikati mchapishaji Edward Orme wa London akatoa nakala bila ridhaa yake, tena zenye rangi za kung'aa. Yangu rangi zimepoa, na maandishi ya chini yamefunikwa na fremu.

Mwenye uzoefu, niifungue mwenyewe? Nyuma imegandishwa kwa gundi kwenye kadibodi, naogopa itachanika. Na haya madoa ya kahawia yanatoka? Fundi fremu mmoja kaniambia nipanguse kwa maji ya limau. Sijathubutu.