Kliniki ya sukari iulize pia habari za moyo?

Kitinda Mimba wa Umoja

Nawaachia swali, kila mtu atoe lake. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na moja huu, na presha imemfuata juu yake. Kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba na ndiye ninayeishi karibu, siku ya kliniki ni mimi na yeye. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akaja kijana na karatasi yenye maswali tisa. Katika wiki mbili zilizopita, umekosa raha ya kufanya mambo? Umekosa usingizi? Umejihisi huna nguvu? Umejiona umeshindwa na maisha? Kila swali lina alama, sifuri hadi tatu. Chumba cha faragha hakuna, kwa hivyo mama alijibu pale pale, majirani zake wa foleni wakisikiliza kama taarifa ya habari ya saa moja. Akapata 14. Kijana akaandika "14" kwenye kitabu cha kliniki, akasema asante mama, akasonga kwa mwingine.

Daktari alipofungua kitabu aliangalia sukari, akaangalia presha, akaongeza metformin, dawa yake ya sukari. Ile 14 hakuitupia hata jicho.

Nimesoma kidogo tangu siku hiyo. Karatasi ile inaitwa PHQ-9, ilichapishwa Marekani mwaka 2001, alama zake zinafika 27, na ukianzia 10 unafaa kuchunguzwa zaidi kama una depresheni. (Vitabu vingine husema sonona, vingine unyogovu. Mama yangu husema "mawazo" na mtaa mzima unamwelewa.) Sasa wapo wanaotaka maswali haya yawe lazima kwa kila mgonjwa wa sukari na presha hapa jijini Nairobi. Mimi napinga. Usimfungue mtu kidonda kama huna bandeji mkononi. Mnasemaje?

Nesi wa Zamu

Kaka, pole kwa mama. Ile 14 kuachwa vile ni aibu yetu na siwezi kuitetea. Lakini kule unakoishia na hoja yako sikufuati.

Nimekaa kliniki za sukari miaka tisa. Kabla hatujaanza kuuliza, watu wa aina hii tulikuwa na jina lao moja: wakaidi. Anakuja sukari 17, mwezi ujao 19, unamfokea, mama unakula nini wewe? Anainamisha kichwa, anasema nitajaribu, sista. Hakuna anayejua kwamba amefiwa na mume, kwamba insulini yake iko kwenye friji ya jirani na anaona haya kubisha hodi, kwamba siku ya tatu hajawasha jiko. Na mwili hausubiri. Mtu akilemewa, homoni kama kortisoli na adrenalini huliambia ini limwage sukari kwenye damu, presha nayo inapanda. Anaweza kula sukuma tele na ugali wa ngumi moja kama tulivyomfundisha, na bado mashine ikamsuta. Mwaka 2001 watafiti walikusanya tafiti 42 wakakuta kwamba mwenye sukari ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na depresheni kuliko asiye nayo.

Ukitaka kuona kwamba kuna la kufanya, tazama matokeo yaliyotolewa 2010 kutoka jimbo la Washington, Marekani. Wagonjwa 214 wenye sukari au ugonjwa wa moyo, na depresheni juu yake. Nusu yao walipewa muuguzi wa kuwafuatilia: anashika sukari, presha, mafuta ya damu na mawazo yao kwa pamoja, akisimamiwa na madaktari. Baada ya miezi 12 walikuwa nafuu kuliko wenzao kwenye vyote vinne. Ni muuguzi huyo, kaka. Si profesa.

Fundi Viatu

Sista, heshima yako. Lakini hao 214 walikuwa na muuguzi wa kuwapigia simu. Sisi tuna muuguzi wa kutuita "next!" Mimi nina presha. Tangu SHA ishike mahali pa NHIF kwenye bima ya afya ya serikali Oktoba 2024 nalipa shilingi 300 zangu, kile kiwango cha chini kabisa, na nikifika dirishani naambiwa dawa zimeisha, nikanunue nje. Nipe amlodipine kwanza. Uone mawazo yangu yatakavyopungua yenyewe.

Msomaji wa Takwimu

Fundi amechekesha lakini amegusa penyewe. Niongeze mambo ambayo mashabiki wa karatasi hii huyaruka.

Kwanza, hata nchi tajiri hazijakubaliana. Marekani, mwaka 2016, jopo lao la kinga lilipendekeza watu wazima wote wapimwe depresheni, ila likaweka sharti: pawe na mfumo wa kuthibitisha ugonjwa, kutibu na kufuatilia. Canada, mwaka 2013, jopo lao lilikataa upimaji wa jumla, hata kwa makundi yanayodhaniwa kuwa hatarini zaidi. Uingereza nao kamati yao ya upimaji inasema hapana. Hawa si watu wasiojali huzuni. Wanasema tu kwamba kuuliza kila mtu hakujathibitishwa kuwa kunamfaa mgonjwa kuliko daktari makini anayemwona mtu amebadilika na kumuuliza.

Pili, kutibu mawazo si lazima kutibu moyo wa nyama. Kuna utafiti mkubwa wa 2003, ENRICHD, wagonjwa 2,481 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, wenye depresheni au waliokosa watu wa kuwashika mkono. Waliopewa tiba ya mazungumzo walipata nafuu ya huzuni. Lakini vifo na mishtuko mipya haikupungua kuliko kwa wengine. Tusiuze karatasi ya maswali kama dawa ya kiharusi.

Tatu, na hili linamhusu mama wa mwenye mada: maswali ya PHQ-9 yanauliza usingizi, uchovu, hamu ya kula. Mtu sukari ikiwa juu huamka usiku mara nne kwenda haja ndogo. Atalala saa ngapi? Karatasi inamhesabia huzuni, kumbe ni kibofu.

Mama wa Kariobangi

Mimi ndiye mgonjwa mnayemzungumzia, kwa hivyo nisikizeni. Sukari miaka minane, sindano miaka mitatu.

Mimi sina wazimu, na hiyo depresheni yenu sidhani ninayo. Nikiwa na wajukuu nacheka. Kanisani naimba. Lakini NIMECHOKA na sukari. Kila mahali ni hesabu. Ukienda harusini, shangazi anakuwekea chai ya maziwa imekolea sukari, ukikataa umedharau, ukikubali unailipia usiku. Ukijikwaa kidole unakaa wiki ukikitazama, kwa sababu unamjua mwanamke wa ploti ya pili aliyeanza na kidole akamaliza na mguu. Halafu ufike kliniki uambiwe umenenepa. Hilo mnaliitaje? Kwenye maswali yenu tisa halipo.

Msomaji wa Takwimu

Mama, lipo, ila liko kwenye karatasi nyingine. Watafiti wa sukari wamelitenga na depresheni tangu miaka ya 1990. Kuna hojaji yake maalum iliyochapishwa 1995, inayouliza kuhusu hofu ya madhara, kuchoshwa na masharti ya chakula, kuhisi daktari hakuelewi. Tuseme ni mzigo wa sukari. Dawa ya depresheni si jibu lake. Jibu lake ni kupunguziwa huo mzigo wenyewe. Umenipa hoja ya nne bila kujua.

Mama wa Kariobangi

Kujua najua, mwanangu. Ninaishi nayo.

Mzee wa Kanisa

Nchi hii tulilelewa na maombi na wazee wa kukaa nao chini. Leo kila huzuni ni ugonjwa, na mwisho wake mtu anaandikiwa barua ya Mathari. Nani atamwoza binti yake kwenye nyumba hiyo?

Nesi wa Zamu

Mzee, shikamoo. Maombi siyapingi, mimi mwenyewe nasali. Lakini hilo jina tumelifanya tusi sisi wenyewe. Mathari ni hospitali ya akili tangu 1910, na kwa vile kwa miaka mingi msaada wote ulirundikwa huko, mtu akisikia "akili" anaona lile lango la Thika Road. Kuuliza kwenye kliniki ya kawaida ni njia ya kumfanya mtu asifike huko.

Sasa nimjibu Fundi na Msomaji. Ni kweli, sharti la Wamarekani ni la haki: usiulize kama huna mfumo. Lakini mfumo si lazima uwe wa madaktari. Harare, matokeo ya 2016, watu 573 kwenye zahanati 24. Walioketi na kina mama wahudumu wa afya kwenye benchi nje ya zahanati, wakazungumza tatizo moja baada ya jingine, walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko wenzao. Karibu wanne katika kila kumi wao waliishi na virusi vya UKIMWI, maradhi ya kudumu kama haya yetu. Na hawakuanza kwa neno la Kizungu. Walisema *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Si ndiyo yale "mawazo" ya mama wa kaka?

Na tusiseme ni Zimbabwe tu. Hapa hapa Nairobi, mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya wa mtaani, wasio wataalamu wa akili, waliwapa vikao vitano, kimoja kwa wiki. Msongo wao ulipungua kuliko wa wale waliopelekwa kwenye huduma ya kawaida. Si wagonjwa wa sukari, nakubali. Lakini ni watu wetu na wahudumu wetu.

Fundi Viatu

Wahudumu wa mtaani! Wale waliopewa begi Septemba 2023, ndani mashine ya presha na ya sukari, na posho iliyotangazwa ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti? Yule wa kwetu anazunguka nyumba kwa nyumba kuanzia asubuhi, viatu vyake mimi ndiye ninayevishona. Sasa mmwongezee na huzuni za ploti nzima? Na yeye atamwambia nani zake?

Nesi wa Zamu

Hilo sina jibu lake. Analipwa kidogo na anabebeshwa mengi, na mimi pia.

Kitinda Mimba wa Umoja

Kabla hamjaendelea, mbona hamgusi swali la tisa? Lile la kama katika wiki hizo mbili uliona ni afadhali ufe. Mama aliulizwa hilo mbele ya watu.

Nesi wa Zamu

Hilo ndilo nisilolisamehe. Swali la tisa halisomwi benchini. Linaulizwa mlango ukiwa umefungwa, na akijibu ndiyo haondoki hadi mtu aliyefunzwa akae naye siku hiyo hiyo. Kuna sababu watu wetu wanaogopa kulijibu. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka miwili jela. Ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nani angemwambia ukweli kijana mwenye kalamu?

Msomaji wa Takwimu

Basi tunakaribiana. Hata mimi sikatai kuuliza. Nakataa kuulizwa kwa ajili ya ripoti ya mwisho wa mwezi.

Kitinda Mimba wa Umoja

Nimerudi. Jana jioni nilimuuliza mama upya yale maswali, tukiwa wawili, redio imezimwa. Msomaji, ulikuwa na haki. Usingizi alijipa tatu kwa sababu nyayo zinawaka moto usiku. Uchovu tatu, kwa sababu ya kuamka amka. Nikazitoa hizo sita, ikabaki 8. Nikafurahi, nikidhani nimeshinda mjadala.

Kisha nikafika lile la kukosa raha. Akanyamaza muda mrefu. Akasema tangu daktari amwambie apumzishe miguu na aache kuuza maandazi pale stejini, hakuna mtu anayemhitaji kabla ya saa nne. Anaamka saa kumi alfajiri vilevile, anakaa kitandani, anasikia matatu za kwanza zikiita abiria, anangoja kuche. Miaka miwili sasa. Mimi naishi dakika kumi kutoka kwake na sikujua. Na zile nyayo za moto pia sikuwa nimezisikia, wala kitabuni hazijaandikwa.

Kwa hivyo siwezi tena kusema asiulizwe. Nasema asiulizwe *vile*. Kliniki ni Jumatano. Safari hii naingia naye ndani, na daktari hageuzi ukurasa kabla sijaweka kidole kwenye ile 14.

Mama wa Kariobangi

Sisi tuna kikundi cha wagonjwa wa sukari, tunakutana Jumamosi saa nne, tunachangishana kununua vijiti vya kupimia, tunapigana domo. Mlete mamako, tunahitaji mtu anayejua hesabu za biashara. Maandazi ayaache nyumbani.

Fundi Viatu

Na amlodipine yangu? Mmezungumza yote, hilo hakuna aliyenijibu.