Vitiligo usoni na mikononi: nichague kinga ipi ya jua?

Mpima Ardhi (mleta uzi):
Habari zenu, wanajukwaa. Nina vitiligo (mbalanga, yaani mabaka ya ngozi iliyopoteza rangi) iliyoanzia kwenye vifundo vya vidole na sasa imezunguka macho na midomo. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi hapa Dodoma, kwa hiyo jua la saa sita hunikuta nimesimama nyuma ya mashine ya kupimia mahali pasipo na mti wala ukuta. Jioni mabaka huwa mekundu na huwaka moto, ilhali ngozi iliyobaki haina dalili yoyote. Daktari ameshauri losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya kuungua na jua) 30 au zaidi, lakini madukani bei zinapishana mno, na ile niliyopakwa na muuzaji iliniacha na weupe kama wa majivu. Naomba ushauri.

Mfamasia wa Moro:
Pole sana, ndugu. Mabaka hayana melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ndiyo maana huungua upesi. Namba isikutishe: SPF 30 ikipakwa ipasavyo huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB (miale ya jua inayounguza ngozi), na SPF 50 takriban asilimia 98. Namba hiyo haikuelezi lolote kuhusu UVA, miale mingine ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi, kwa hiyo tafuta kwenye chupa herufi UVA zilizozungushiwa duara. Weupe unaoulalamikia husababishwa na madini yanayokinga jua, zinki oksaidi au titani dioksaidi. Chagua losheni ya aina hiyo iliyotiwa rangi ya kahawia, kwa kuwa hupunguza tofauti kati ya baka na ngozi inayolizunguka. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili iliyojaa, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, kisha urudie kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi ukitoka jasho.

Bi Rukia, Tanga:
Kwa uso nakubaliana na mfamasia, lakini kwa mikono naona losheni peke yake haitoshi. Mimi ninayo mbalanga tangu usichana, na najua kwamba mtu akishika kazi, akafuta jasho na kunawa, losheni huwa imekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Mwanangu, vaa glovu za pamba na shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana. Liinue kwenye mwanga, na ukiona upande wa pili, liache. Kapelo haifuniki masikio wala shingo, basi tafuta kofia yenye ukingo mpana. Midomo nayo ina mafuta yake yenye SPF.

Kijana wa Moshi:
Kwa nini asitumie losheni ya Kilisun inayotengenezwa hapa kwenye hospitali ya KCMC?

Mfamasia wa Moro:
Ni losheni nzuri, lakini ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, nao hugawiwa bure. Haifai kupunguza fungu lao. Aulize kwanza kliniki ya ngozi.

Mpima Ardhi:
Nashukuruni. Hivi karibuni nitaanza tiba ya mwanga. Je, losheni haitaizuia? Na wanaosema jua lenyewe ni dawa?

Mfamasia wa Moro:
Siku ya tiba usipake losheni kwenye mabaka yanayotibiwa mpaka umalize, isipokuwa wahudumu wakuelekeze vinginevyo. Ukitoka hapo, jikinge kikamilifu. Mashine ya tiba hiyo hutoa UVB yenye urefu wa wimbi wa nanomita 311 hivi, kwa kipimo kinachoongezwa kidogokidogo. Jua la mchana halipimwi na mtu, na ngozi iliyoungua yaweza kuota mabaka mapya palepale ilipoumia. Ndiyo sababu nasisitiza sana kinga.

Mpima Ardhi:
Basi nitanunua ya kahawia kwa ajili ya uso. Wasiwasi wangu ni glovu, kwani mashine yangu ya kupimia ina vitufe vidogo.

Bi Rukia, Tanga:
Kata ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada tu, kisha upinde ukingo na kuushona ili usichanike. Vifundo vitabaki vimefunikwa, na sehemu hizo mbili zilizo wazi ndizo utakazozipaka losheni.