Machale ni nini hasa? Kama yamewahi kukucheza, tupeane uzoefu

MtuWaKayole: Kijana wangu jana kaja na kitabu cha insha, kaona "machale yalinicheza", akaniuliza baba machale ni nini. Nikamwambia ni kujua kitu kitatokea, akasema si basi ni kutabiri, nikakwama. Anayetabiri si husema watu wakiskia, kama wale wa hali ya hewa pale Dagoretti Corner? Machale ni tumbo tu linakukatalia na hujui kwa nini. Mimi yalinicheza Muthurwa, jamaa anauza simu bei ya kutupa, mkono ushaingia mfukoni nikaskia hapana. Nikayapuuza. Kufungua boksi nyumbani, kipande cha sabuni ya kufulia, kimekatwa vizuri saizi ya simu, hadi kona zimelainishwa.

BintiPwani_SouthC: 😂😂 pole. Kutabiri asili yake Kiarabu, kufasiri ndoto. Kubashiri ilikuwa kuleta habari njema, sasa nyinyi mmeifanya ya kubeti mpira. Na machale yanakucheza wewe, wewe huyachezi. Bibi yangu alitufundisha jicho likicheza chini utalia, langu likacheza wiki nzima nikangoja msiba, kumbe ni kukosa usingizi tu.

KondaMstaafu: Sisi kwa gari tulikuwa tunasema roho imekataa. Nilikuwa ruti ya Rongai, asubuhi moja dere wangu akaegesha karibu na Bomas akasema haendi, roho imekataa. Abiria walitutusi mpaka mama zetu, fea tukarudisha yote, mimi mwenyewe nilitaka kumpiga. Akashuka akazunguka nyuma, nati mbili za tairi hazipo na zingine unageuza kwa vidole. Lakini nikikaa nikifikiria naona haikuwa roho, huyo mtu aliendesha hiyo gari miaka minne, mgongo wake uliskia mtingiko kabla yeye ajue ameskia.

Wa_Githurai: Na Mugo wa Kibiro, yule mwonaji wa Wakikuyu wa zamani, je? Alisema nyoka wa chuma atapita huku akitema moto, na 1899 reli ikafika Nairobi.

BintiPwani_SouthC: Huyo alitabiri, si aliwaambia watu. Angenyamaza nayo yangebaki machale yake.

MtuWaKayole: Nimemsomea kijana hiyo ya tairi, ameshaanza kuiandika. Ameng'ang'ana na "roho imekataa", na hiyo naona mwalimu atapiga mstari mwekundu.