Ekseli ya nyuma ya baiskeli ya kizamani ya Kimarekani, ya Phoenix inaingia?

ngamiani_kwetu
Wakuu habari za jioni. Nina baiskeli ya marehemu babu, Schwinn ya Marekani, zile za matairi manene na usukani mpana kama pembe za ng'ombe, ilikuwa stoo miaka kibao mimi ndo nimeifufua. Haina breki za mkono, unakanyaga pedali kinyumenyume ndo inashika. Sasa juzi natoka soko la Mgandini hapa Tanga nimepakia kiroba cha unga na ndoo ya dagaa, kufika barabara ya 12 nikasikia kaa! tairi la nyuma likalala upande linakwaruza fremu, dagaa chini, paka wa mtaa mzima wakafurahi. Kufungua nakuta ekseli imekatika karibu na koni, ile inayobana gololi, upande wa cheni. Fundi wa hapa kaniambia niweke ya Phoenix, ile baiskeli ya Kichina, eti ekseli ni ekseli. Kajaribu kuingiza koni, ikazunguka raundi mbili hivi ikakaba, akachukua spana anataka kuilazimisha nikamnyang'anya. Urefu zinalingana kabisa na ile ya zamani, sasa tatizo nini? Nichague vipi?

mswahili_wa_pwani
Kwanza pole kwa dagaa. Mimi ningetupa habu yote, yaani kile kitovu cha tairi, nikafunga ringi ya Phoenix na breki za mkono, maisha yaendelee. Unahangaika na chuma cha kale cha nini

chuma_hakidanganyi
Ringi ya Phoenix ni inchi 28 mkuu, haikai pale. Na hata 26 usiseme ni 26, Schwinn nyingi za zamani kipenyo cha ringi ni milimita 571, ya mountain bike ni 559, zote zinaitwa 26, ndo maana tairi zake ni shida. Kwa hiyo habu abaki nayo.

Sasa kaka ngamiani, wewe umeanza na urefu, na urefu ndo kitu cha mwisho. Anza na meno, ile mistari nati inapozungukia. Ekseli za nyuma za Kichina na Kihindi nyingi ni inchi 3/8 meno 26 kwa inchi. Hizo habu za Kimarekani za breki ya kukanyaga nyingi ni 3/8 hiyohiyo ila meno 24. Unene uleule, kwa macho huoni tofauti, ndo maana koni imeingia raundi mbili ikakaba. Fundi angekaza na spana angeua meno ya koni, na koni ya habu ile Tanga hii utaipata wapi. Halafu kuna za milimita 10, hizo nene kidogo, koni yako haiingii hata raundi moja.

Kupima ni rahisi. 3/8 meno 24 ndo ile UNF, aina ya meno ya nati za magari. Nenda kwa mafundi wa Land Rover za zamani uombe nati ya kawaida ya saizi hiyo, sio ile yenye plastiki ndani. Izungushe kwa vidole tu kwenye kipande chako kilichovunjika, kisafishe kwanza kwa mafuta ya taa. Ikiteleza mpaka mwisho bila kubembelezwa, jibu unalo.

Ukishajua hilo nenda kwa mtu wa mashine ya kukereza akuchongee. Mpe vipande vyote viwili na koni zako, asipime kwa macho. Mwambie atumie chuma cha shafti ya gari, sio nondo, na ile fito ya meno ya duka la vifaa vya ujenzi usiiguse, laini ile, itapinda kabla hujafika Chumbageni.

bi_mkubwa_wa_pedali
Naongezea moja. Kabla hajafunga mpya angalie fremu pale ekseli inapokaa, zile bati mbili zitazamane sawasawa. Ikiwa moja imepinda, ekseli inakunjwa kila tairi linapozunguka na siku moja inakatika, unga unasingiziwa tu. Na ule mkono wa breki unaotoka kwenye habu ufungwe na klipu yake kwenye fremu, mdogo wangu alifunga kwa waya, siku amekanyaga breki mkono ukazunguka ukaondoka na spoki nne. Ekseli ikizidi urefu muikate tu kwa msumeno ila ingizeni nati kwanza, mkishakata mnaitoa inanyoosha meno njiani

ngamiani_kwetu
Wakuu nimerudi. Nati ya Land Rover nimeipata bure kwa mzee mmoja, imeteleza mpaka nikacheka peke yangu. Nimechongewa jana, koni zimekaa, gololi nimeweka mpya na grisi ya kutosha. Na bi mkubwa hukukosea, bati la kulia lilikuwa limeingia ndani unene wa kidole, tumelinyoosha kwa spana kubwa ya kurekebisha mdomo. Leo nimezunguka mpaka Raskazone na kurudi, breki inashika mpaka tairi linapiga mstari. Sasa inalia kri kri kri nikiacha kupiga pedali, kawaida hiyo?

chuma_hakidanganyi
Huenda koni umeibana sana. Legeza robo raundi, tairi licheze kidogo sana ukilitikisa pale kwenye ringi, halafu kaza nati ya kufungia.