Wakuu, msitu gani Kanda ya Ziwa naweza kupiga kambi bure bila kusumbuliwa?

Kijana wa Buzuruga:
Mwangaluka wakuu. Naomba ushauri, tena wa haraka, maana siku zimebana. Natafuta msitu Kanda ya Ziwa, uwe mbali na makazi, karibu na maji, mtu alale kwenye hema kuanzia Ijumaa hadi Jumapili bila kulipa kiingilio. Sitaki kambi yenye taa na vyoo vya vigae, nataka porini kabisa. Nasikia Ukerewe, Sengerema na Geita mapori yapo ya kutosha. Wapi sitaulizwa maswali? Wenye kejeli wapite tu.

Sangara Mkavu:
Stendi ya Nyegezi. Ni bure, maji yako karibu, na wanyama wapo ila wanatembea kwa miguu miwili.

Bwana Misonobari:
Mkuu, pori lisilo na mwenyewe halipo. Kila miti unayoiona kutoka barabarani iko chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), halmashauri, kijiji au ukoo wa mtu. Msitu wa hifadhi unasimamiwa na Sheria ya Misitu ya 2002, na kupiga kambi humo kunataka kibali. Ukitaka miti na ziwa kwa pamoja kuna mashamba mawili ya TFS: Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa. Muone meneja wa shamba, siyo mlinzi wa getini. Ukikutwa usiku bila karatasi utahesabiwa mkata mbao kwanza, maelezo baadaye.

Ukipewa ruhusa, usiwashe moto chini ya misonobari. Pale chini kuna zulia la majani makavu, na moto hutambaa ndani yake bila kuonyesha ulimi, halafu unaibuka kesho yake hatua kadhaa kutoka ulipopikia. Beba jiko la gesi. Kama ni lazima kuni, tafuta uwazi usio na tawi juu yake, kwangua duara la mita tatu mpaka udongo mtupu. Wakati wa kuzima mwaga maji, koroga, mwaga tena, kisha weka kiganja kwenye majivu. Kama huwezi kukiacha hapo, hujazima.

Mwanaisamilo:
Mleta uzi, mko wangapi na mwezi gani? Ushauri wa Julai siyo ushauri wa Aprili.

Kijana wa Buzuruga:
Wachache tu dada, ni wiki ijayo. Idadi haibadilishi swali. Nisaidieni eneo na vifaa.

Nesi wa Kisesa:
Kabla ya hema, mwanangu, sikiliza habari ya kichocho. Ziwa Victoria kinaishi kwenye konokono wadogo wa majini, hasa ukingo wenye matete na maji yaliyotulia. Vijidudu vinatoka kwenye konokono kukiwa na mwanga, na vinakuwa vingi zaidi saa za katikati ya mchana. Vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Kujifuta taulo haraka siyo kinga ya kutegemea.

Maji ya kuoga yachote kwenye dumu, yafunike, yakae siku mbili ndipo uyatumie. Huna muda wa kusubiri, yapashe moto hadi nyuzi 50 kwa dakika tano, au chemsha kabisa yapoe. Ya kunywa yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja kamili. Ukitumia vidonge vya kutibu maji, kwanza chuja tope kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha fuata kipimo cha kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Dawa kwenye maji ya matope inaishia kupigana na matope.

Aliyeingia ziwani akapime baada ya wiki sita hadi nane, hata kama hajisikii chochote. Dawa ipo, prazikwanteli, ila ukiimeza wiki ya kwanza haifanyi kazi vizuri kwa sababu minyoo bado michanga. Na chandarua usisahau, huku malaria haijaondoka.

Kijana wa Buzuruga:
Ahsante mama, lakini mimi niliuliza eneo.

Mzee wa Mwalo:
Kijana, umeulizwa swali ukalikwepa. Mtu mmoja anachimba kijishimo cha choo chenye kina cha sentimita 20, anafukia, anaondoka. Watu ishirini wanataka handaki. Mtu mmoja ni lita tano za kunywa na kupikia kwa siku, watu ishirini ni madumu matano kila siku bila kunawa. Sema mko wangapi, tuache kubahatisha.

Kijana wa Buzuruga:
Haya. Tuko 22. Ni kundi la WhatsApp, kila mtu amechanga 45,000. Tangazo lilishasambaa, siwezi kurudi nyuma. Kwenye tangazo niliandika "bila viingilio", ndiyo maana nasisitiza bure. Chakula na usafiri vimeshakula sehemu kubwa.

Sangara Mkavu:
22 mara 45,000 ni laki tisa na tisini elfu. Wachache tu, dada.

Mwanaisamilo:
Usafiri gani umeshalipwa wakati hujui mnakokwenda?

Kijana wa Buzuruga:
Nilitanguliza laki tatu kwa mwenye mtumbwi. Wazo ni kisiwa cha Rubondo, upande ambao hakuna kambi ya askari. Kabla hamjanirukia: nimesoma kwamba Rubondo hakuna simba, kwa hiyo ni salama kuliko mapori mengine. Na sisi hatuwindi, hatuvui, tunalala na kuondoka. Tunamdhuru nani?

Bwana Misonobari:
Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kuingia bila kibali ni kosa hata kama umelala tu na mto wako kichwani. Simba kweli hakuna. Tembo waliletwa, sokwe wakaletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya. Viboko na mamba hawakuletwa na mtu, walikuwepo.

Nikueleze mtu mgeni anavyokosea. Anafika ufukweni saa kumi na moja jioni, anaona kipande cha nyasi fupi, safi kama kimekatwa na mashine, anasema hapa ndipo. Hayo ni malisho ya kiboko. Giza likiingia anatoka majini kula, anapita njia ile ile kila siku, na hema lako liko kati yake na ziwa. Akishtuka anakimbilia majini, hazunguki. Kaa angalau mita 100 kutoka ukingoni, ukwepe njia yoyote iliyozama kama mfereji na kuteleza kuelekea majini. Hii ni kwa ufukwe wowote wenye viboko, siyo Rubondo tu.

Mbung'o nao wapo. Wanafuata rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au kijani kilichopauka.

Na kama roho yako iko Rubondo, lipia. TANAPA wana maeneo ya kambi, na kiingilio cha Mtanzania ni kwa shilingi, hakilingani kabisa na cha mgeni.

Mzee wa Mwalo:
Mimi naongelea mtumbwi. Watu 22 na mizigo, mnavuka saa ngapi? Ziwa hili radi na upepo wake mkubwa ni wa usiku kuelekea alfajiri, na mchana upepo unapanda jua likishawaka. Vuka asubuhi kukishapambazuka vizuri, usisubiri adhuhuri. Kila kichwa na boya lake, limevaliwa na kufungwa, siyo limekaliwa. Muulize nahodha cheti cha ukaguzi cha TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, na idadi ya abiria iliyoandikwa. Akikwambia "tutabanana", shuka. Nahodha anayekubali kushusha watu hifadhini gizani, hayo mengine yote atakuwa ameyafuata?

Mama Kapripoint:
Wote mnaongelea mamba. Mimi nauliza, hao 22 ni wavulana na wasichana? Nani mzazi wao? Enzi zetu jando lilikuwa na mzee anayejulikana kwa jina na kwa ukoo. Siku hizi ni kundi la WhatsApp na hema.

Kijana wa Buzuruga:
Mama, ni watu wazima. Wengi wao.

Mwanaisamilo:
"Wengi wao"?

Kijana wa Buzuruga:
Watatu wamemaliza kidato cha nne juzi. Kaka zao wapo. Tusiligeuze jambo.

Nesi wa Kisesa:
Basi barua ya mzazi kwa kila mmoja, na karatasi yenye pumu, kifafa, mzio na namba ya nyumbani. Karatasi, siyo simu, maana simu zitazima. Na kila mtu afundishwe la nyoka kabla ya safari: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Vua pete na saa, kiungo kisitikisike, mbebe hospitali. Msimfukuze nyoka.

Mtoto wa Igombe:
Hii imenikumbusha mwaka ule tulipokwama Kome, yaani wakuu, kulikuwa na mvua, halafu yule jamaa yangu akasema

Sangara Mkavu:
Mkuu, stori fungulia uzi wake. Hapa tuna maiti 22 watarajiwa.

Mpita Njia:
Mimi nimenyamaza nasoma. Hii ni chai, tena haina sukari. Jana huyu jamaa alichangia uzi wa feri akasema kundi lake linashukia Nansio halafu wanachukua mtumbwi kwenda Rubondo. Nansio iko Ukerewe. Rubondo iko kona ya kusini-magharibi, watu wanavukia Muganza kule Chato au Nkome kule Geita. Kutoka Nansio kwa mtumbwi ni kulikata ziwa upande mpaka upande. Hakuna nahodha wa laki tatu hapo. Hakuna kundi, hakuna tangazo.

Sangara Mkavu:
Au ni askari wa hifadhi anavua. Anauliza "wapi sitaulizwa maswali", anasubiri nani ataje pori. Mimi nilitaja Nyegezi, kila mtu shahidi.

Mtoto wa Igombe:
Kwa kweli hata mimi nafuta nilichoandika.

Kijana wa Buzuruga:
Sina sababu ya kudanganya. Mimi ni mtu wa Morogoro, ramani ya huku sijaishika. Nahodha aliniambia Nansio, nikaandika Nansio. Mnataka nipige picha mahema?

Mpita Njia:
Piga.

Bwana Misonobari:
Iwe chai iwe uji, kuna wasomaji wengine. Kwa kundi la namna hii kuna njia nyepesi kuliko zote zilizotajwa: ardhi ya kijiji. Chini ya sheria ya 1999 inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Unakwenda kwa mtendaji na mwenyekiti na barua yenye majina, tarehe, idadi na namba za simu. Mara nyingi utaombwa kitu kidogo cha kijiji, dai risiti. Usukumani kuna pia ngitili, yale malisho yaliyofungwa. Kivuli kipo, utulivu upo, ila kiangazi nyasi zimesimama kavu kiunoni. Humo hata sigara hapana. Kama ni ufukweni, kwenye mwalo wa wavuvi, ongea pia na BMU, kamati ya kusimamia mwalo.

Faida yake hamuijui mpaka usiku. Kundi la wageni wenye tochi vichakani, hawajulikani, sungusungu watawakusanya saa nane na hamtapewa muda wa kujieleza. Kundi lililopita kwa mwenyekiti, sungusungu hao hao ndio walinzi.

Mzee wa Mwalo:
Niongeze choo, maana hakuna anayekipenda. Watu 22 kwa siku mbili: handaki la upana wa sentimita 30, urefu mita moja na nusu, kina sentimita 60 au zaidi, hatua 80 kutoka majini na upande wa chini wa mnakochota. Udongo uliochimbwa ubaki pembeni na koleo, kila mtu anafukia chake. Ukichimba kwenye mchanga wa ziwa ukakuta unyevunyevu, acha, panda juu zaidi. Moto msiuwashe juu ya mwamba wa matale. Jiwe la Mwanza likipashwa linabanduka magamba, na lililolowa linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni. Wala msilale juu ya mwamba kileleni wakati wa radi, wala chini ya mti uliowazidi wenzake.

Kijana wa Buzuruga:
Mtendaji nampataje? Leo ni Jumatano.

Mzee wa Mwalo:
Kesho asubuhi, ofisini, kwa miguu yako. Jumamosi ofisi imefungwa. Akiwa safarini, nyumba ya mwenyekiti kila mtoto anaijua.

Sangara Mkavu:
Na laki tatu?

Kijana wa Buzuruga:
Nahodha nitaongea naye.

Mwanaisamilo:
Tuwaache hao. Bwana Misonobari, mahema hatuna, tuna maturubai ya mita nne kwa sita. Linafunika wangapi, na mvua ya upande?

Bwana Misonobari:
Dada, moja linalaza watu kumi bila kugusana sana, wanane kama mvua ipo. Kamba ya mgongo ifunge miti miwili kwa urefu wa kifua, siyo juu ya kichwa kama wengi wanavyopenda. Upande unaotoka upepo ushushe mpaka chini uukandamize kwa mawe, upande wa pili uinue kwa fito. Matobo ya pembeni yakichanika, chukua jiwe la mviringo saizi ya limau, liweke ndani ya kona, likunje na turubai, funga kamba shingoni mwake. Halichomoki.

Kuna kitu kinalowesha watu usiku na hawajui kinatoka wapi: maji yanatembea juu ya kamba ya mgongo yanaingia ndani. Funga kipande cha kitambaa kwenye kamba hiyo, kiganja kimoja nje ya turubai, kining'inie. Maji yakifika hapo yanadondoka chini. Kitambaa cha pamba, siyo nailoni.