Ua la Neema la Tarehe 1 Mei

Neema (Nantes): Shikamooni wazee wangu. Leo ni tarehe 1 Mei, na jirani amenigongea mlango akanipa kishada cha maua madogo meupe yanayoning'inia kama kengele, ambayo Wafaransa huyaita muguet. Ameniambia kwamba ni ya kunitakia heri, na kwamba shina lenye kengele 13 lina bahati kuliko yote. Nimeyaweka katika glasi ya maji mezani, karibu na kikombe cha mtoto Amani, na nyumba nzima inanukia.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Je, hiyo ndiyo nyinyoro ya mabondeni tunayoisoma katika Wimbo Ulio Bora?

Shangazi Eliza (Stuttgart): Shikamoo Baba, nitakujibu baada ya hili. Neema mwanangu, tafadhali iondoe glasi hiyo mezani sasa hivi na uiweke mahali asipofika mtoto, kwa sababu mmea huo una sumu kuanzia mzizi hadi ua, na hata maji yaliyokaa na mashina yake hayafai kunywewa. Sumu yake hushika moyo: mtu hutapika, huumwa na tumbo, kisha mapigo ya moyo hupungua na kwenda ovyo. Zamani matabibu wa Ulaya waliutumia kutibu moyo dhaifu, lakini kipimo kinachoponya kiko karibu mno na kile kinachoua, kwa hiyo asije mtu akajichemshia nyumbani. Maua yakiisha hutoa matunda mekundu yanayowavutia sana watoto.

Neema (Nantes): Nimeiondoa, Shangazi, na Amani hakuwa ameigusa.

Shangazi Eliza (Stuttgart): Namshukuru Mungu. Akiwahi kutia kinywani hata jani moja, piga simu nambari 15, ile ya dharura huko Ufaransa, bila kungoja atapike. Huku kwetu Ujerumani, hatari kubwa iko msituni, ambako watu huenda kuchuma kitunguu saumu cha mwitu na majani ya mimea hiyo miwili hufanana. Wengi hulifikicha jani na kulinusa, ila ukishachuma machache vidole vyako vyote vinanuka kitunguu na pua haikusaidii tena. Ni heri kutazama shina, maana jani la kitunguu hutoka ardhini peke yake, ilhali ya muguet hutoka mawili pamoja. Baba, ua hili ni la misitu yenye baridi na halioti lenyewe katika nchi ya Israeli.

Mama Neema: Kama kulinusa hakudhuru, Neema aniletee mafuta yake, kama yale ya asumini.

Neema (Nantes): Mama, jirani amenieleza kwamba ua hili halikamuliki mafuta, na kwamba watengenezaji wa manukato huiunda harufu yake kwa kuchanganya vitu vingine, kama Dior walivyofanya mwaka 1956. Nitakutafutia chupa ndogo.

Mama Neema: Ahsante, mwanangu. Na meza uipanguse kabla Amani hajala.